Kauli Zipi Zinathibitisha Hitimisho? Mwongozo wa Kukabili Maswali ya Mantiki

Katika mitihani ya usaili na ya kujiunga na vyuo kuna aina ya swali ambalo halina hesabu ya kukokotoa wala tarehe ya kukumbuka, na bado huwaangusha watahiniwa waliojiandaa vizuri. Mtahiniwa hupewa hitimisho moja na kauli kadhaa, kisha huulizwa ni kauli zipi, zikiunganishwa, zinathibitisha hitimisho hilo. Kwa kuwa kila kauli inaeleweka ikisomwa peke yake, mtu hushawishika kuchagua zile zinazofanana zaidi na hitimisho, na mtunzi wa swali alishalijua hilo, akaweka mtego wake hapo hapo.

Tuanze na mfano ambao tutaurudia tena na tena, na msomaji anashauriwa aujaribu mwenyewe kwa kalamu kabla ya kuendelea.

Hitimisho: Jahazi la Bakari limesajiliwa.

A. Kila chombo kilichopakia karafuu wiki iliyopita kimesajiliwa.
B. Vyombo vingi vilivyotia nanga Wete juzi vimesajiliwa.
C. Wiki iliyopita jahazi la Bakari lilipakia karafuu au chumvi.
D. Jahazi la Bakari lilitia nanga Wete juzi.
E. Hakuna chombo kilichotia nanga Wete juzi ambacho kilipakia chumvi wiki iliyopita.
F. Vyombo vyote vilivyosajiliwa hulipa ushuru, na jahazi la Bakari hulipa ushuru.

Ni kauli zipi nne ambazo kwa pamoja zinathibitisha hitimisho?

Ukichagua kauli nne kati ya sita, unaweza kupata makundi 15 tofauti. Mwenye dakika mbili hawezi kuyapima yote moja moja, na hana haja ya kufanya hivyo.

Hatua ya kwanza: Tofautisha kuthibitisha na kuunga mkono

Kauli huthibitisha hitimisho pale tu ambapo haiwezekani kauli hizo ziwe kweli na hitimisho liwe la uongo. Kama ipo hata hali moja unayoweza kuiwaza, iwe ya ajabu kiasi gani, ambamo kauli zote ni kweli na hitimisho si kweli, basi hujathibitisha kitu. Umeonyesha tu kwamba hitimisho linaelekea kuwa kweli. Katika maisha ya kila siku hatuishi kwa kipimo kikali namna hii, kwani daktari, hakimu na mama anayemtafuta aliyekula nyama jikoni wote hutosheka na uwezekano mkubwa. Swali la mantiki halitosheki.

Hapo hapo ukubali masharti mawili. Kwanza, kauli zote ulizopewa zichukuliwe kuwa kweli, hata kama unajua kwamba katika dunia halisi si kweli. Pili, usiongeze chochote kutoka kichwani mwako, hata kama una uhakika nacho. Ukiambiwa kwamba kila samaki ana miguu na changu ni samaki, basi changu ana miguu, na hakuna la kubishana. Sharti hili la pili ndilo gumu zaidi. Mwaka 1983 watafiti Jonathan Evans, Julie Barston na Paul Pollard walionyesha kwamba watu huelekea kuipitisha hoja mbovu endapo hitimisho lake linaaminika, na kuikagua kwa ukali zaidi hoja ambayo hitimisho lake haliingii akilini. Ndiyo sababu nawashauri wanaojiandaa wafanye mazoezi kwa hitimisho la kipuuzi mara kwa mara: linapokosa ladha ya ukweli, macho huhamia kwenye mshono wa hoja.

Hatua ya pili: Anza mwisho, urudi nyuma

Watahiniwa wengi husoma kauli A, kisha B, kisha C, wakitumaini kwamba njia itajitokeza yenyewe. Fanya kinyume chake. Lishike hitimisho na uligawe katika vipande vyake, ambavyo hapa ni viwili tu: jahazi la Bakari, na kusajiliwa. Kila kipande lazima kipate chanzo katika kauli utakazochagua, kwa sababu hitimisho haliwezi kusema jambo ambalo kauli hazikulibeba.

Sasa tafuta kauli zinazotaja kusajiliwa. Ziko tatu: A, B na F. Kila moja iulize swali moja, yaani, je, wewe unaweza kunipa uhakika kwamba chombo fulani kimesajiliwa? Kauli B inasema vyombo vingi, na jahazi la Bakari laweza kuwa miongoni mwa vichache visivyosajiliwa. B haina uwezo huo. Kauli F inaanza na vyombo vilivyosajiliwa na kuishia kwenye ushuru, ilhali sisi tunataka kuishia kwenye usajili. F inakwenda upande usio wetu, na tutaieleza zaidi katika hatua inayofuata. Imebaki A peke yake. Kwa hiyo, bila kugusa makundi yale 15, tumejua kwamba A imo katika jibu.

Baada ya hapo lengo linabadilika. Hatutafuti tena usajili, bali tunatafuta uthibitisho kwamba jahazi la Bakari lilipakia karafuu wiki iliyopita, maana hilo ndilo sharti la A. Kauli inayotaja karafuu pamoja na jahazi la Bakari ni C, nayo inatupa mambo mawili kwa neno "au". Ili tubaki na karafuu, chumvi lazima iondoke. Nani anaondoa chumvi? Ni kauli E, lakini E inazungumzia vyombo vilivyotia nanga Wete juzi, kwa hiyo tunahitaji kujua kwamba jahazi la Bakari lilikuwa miongoni mwake. Kauli D inasema hivyo.

Jibu ni A, C, D na E. Angalia jinsi D ilivyotegeshwa. Ukiisoma haraka, inajipachika kwenye B, kwa sababu zote mbili zinataja Wete na B inataja usajili. Anayeiunganisha na B huhisi amemaliza kazi kwa kauli mbili, kisha anajaza nafasi mbili zilizobaki kwa kubahatisha. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza kukutana na swali la umbo hili, niliangukia shimo la namna hiyo na kutoka nje ya chumba cha mtihani nikiwa na furaha isiyo na msingi.

Hatua ya tatu: Chunga mwelekeo wa mshale

Sentensi ya masharti ina mwelekeo, kama barabara ya njia moja. Wahenga wetu waliitumia bila kuipa jina. Wasemapo kwamba dalili ya mvua ni mawingu, maana yake ni kwamba mvua ikinyesha, mawingu yapo. Hawakusema kwamba kila palipo na mawingu mvua itanyesha, na mkulima yeyote aliyesubiri vuli iliyochelewa analijua hilo vizuri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini methali haikuahidi kwamba msikivu hatavunjika. Anayesoma methali hiyo na kuhitimisha kwamba kila mwenye guu lililovunjika alikuwa mkaidi amemdhulumu aliyegongwa na bodaboda.

Andika kila kauli ya masharti kwa mshale mfupi pembeni mwa karatasi. Kauli F inakuwa: kusajiliwa → kulipa ushuru. Jahazi la Bakari liko upande wa kulia wa mshale, na mshale haurudi. Huenda kuna vyombo visivyosajiliwa ambavyo navyo hulipa ushuru, kauli haikuvikataza.

Mshale mmoja hata hivyo unakupa mwingine bure, ukiugeuza na kukanusha pande zote mbili kwa pamoja. Mvua ikinyesha, mawingu yapo; basi mawingu yasipokuwepo, mvua hainyeshi. Jahazi lisilolipa ushuru halijasajiliwa. Geuzo hili ni halali daima. Yasiyo halali ni mawili: kugeuza bila kukanusha, na kukanusha bila kugeuza. Kwa bahati nzuri Kiswahili kimetuwekea vifaa vya kufanyia kazi hii, yaani kiambishi -ki- kwa sharti la kukubali na -sipo- kwa sharti la kukanusha, kwa hiyo zoezi zuri ni kuchukua sentensi kama "Akifika mapema, atapata kiti" na kuitamka papo hapo kwa sura yake ya pili: "Asipopata kiti, basi hakufika mapema."

Ugumu wa jambo hili si wa watu wasiosoma. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alianzisha jaribio la kadi nne zilizowekwa mezani, ambalo katika sura yake maarufu kadi huonyesha E, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na kanuni inasema kwamba ikiwa upande mmoja una irabu, upande wa pili una namba shufwa. Ni kadi zipi lazima zifunuliwe ili kujua kama kanuni imevunjwa? Wengi huchagua E na 4. Jibu sahihi ni E na 7, kwa sababu 4 haiwezi kuivunja kanuni hata ikiwa na konsonanti nyuma, ilhali 7 ikiwa na irabu nyuma imeivunja. Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliliuliza swali lenye umbo lile lile kwa mfano wa wanywaji wa bia na umri unaoruhusiwa, na safari hii watu wengi walipata. Kwa hiyo, kauli zikikujia kwa herufi tupu au kwa maneno ya kubuni, ziveshe nguo za maisha unayoyajua, upate mwelekeo wa mshale, kisha uzivue nguo hizo kabla hazijaanza kukuletea habari za ziada.

Hatua ya nne: Pima maneno madogo

Hapa ndipo muda mwingi unapaswa kutumika, na msomaji wa Kiswahili ana mitego yake ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviitaji.

Chukua sentensi "Wanafunzi wote hawakufaulu." Ikisomwa kwa ukali, inasema kwamba hakuna hata mmoja aliyefaulu. Barazani, hata hivyo, mtu huitamka akimaanisha kwamba hawakufaulu wote, yaani wapo walioanguka. Mtunzi makini ataandika "Si wanafunzi wote waliofaulu" anapotaka maana ya pili, na sentensi hiyo inakupa jambo dogo sana: angalau mmoja hakufaulu, bila kusema ni nani. Kwenye mtihani fuata maana kali, na kama majibu hayalingani nayo, rudi ujaribu ile nyingine.

Neno "baadhi" husema kwamba wapo, angalau mmoja, na halikatai kwamba wanaweza kuwa wote. Ukiambiwa baadhi ya madereva wana leseni, usihitimishe kwamba wengine hawana. Neno "wengi" halina kipimo. "Walio wengi" maana yake ni zaidi ya nusu. Tofauti hiyo inaweza kuamua jibu. Endapo walio wengi kijijini wana baiskeli, na walio wengi katika kijiji hicho hicho wana redio, ni lazima awepo angalau mtu mmoja mwenye vyote viwili, kwa kuwa nusu mbili zenye ziada haziwezi kukwepana. Ukiweka "wengi" mahali pa "walio wengi", uhakika huo unatoweka. Kiambishi hu- nacho hubeba mazoea, si lazima kila tukio: "Bakari huvua usiku" haithibitishi kwamba jana usiku alikuwa baharini.

Neno "tu" ni dogo kuliko yote na lina nguvu kuliko yote. "Wenye vitambulisho tu ndio walioingia" maana yake ni kwamba kila aliyeingia alikuwa na kitambulisho, kwa hiyo mshale unatoka kwenye kuingia kwenda kwenye kitambulisho, kinyume na mpangilio wa maneno. Haisemi kwamba kila mwenye kitambulisho aliruhusiwa. Vivyo hivyo "Mzigo hautatolewa isipokuwa ushuru umelipwa" inatuambia kwamba mzigo ukitoka, ushuru ulilipwa. Haiahidi kwamba ukilipa utatoka, na aliyewahi kusubiri mzigo bandarini ataelewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Kuhusu "au", ichukue kuwa inaruhusu mambo yote mawili isipokuwa umeambiwa vinginevyo. Katika mfano wetu C peke yake haikatazi jahazi kupakia karafuu na chumvi pamoja, na hoja bado inasimama, kwa sababu tuliihitaji "au" kwa kazi moja tu ya kukanusha upande mmoja na kubaki na mwingine.

Hatua ya tano: Jaribu kuibomoa hoja yako, kisha uipunguze

Ukishapata kundi unaloliamini, geuka uwe adui yake kwa sekunde 20. Jitahidi kuwaza hali ambayo kauli ulizochagua ni kweli na hitimisho si kweli. Kwa kauli zenye "wote", "hakuna" na "baadhi", mchoro wa miduara ni msaada mkubwa. Leonhard Euler aliutumia katika barua zake kwa binti mfalme wa Kijerumani zilizoanza kuchapishwa mwaka 1768, na John Venn akauboresha mwaka 1880. Duara la vyombo vilivyopakia karafuu likikaa lote ndani ya duara la vyombo vilivyosajiliwa, huna pa kuliweka jahazi la Bakari isipokuwa ndani. Kinyume chake, ukiichora F utaona kwamba ndani ya duara la walipa ushuru kuna nafasi nje ya duara la waliosajiliwa, na jahazi linakaa hapo bila kumgusa mtu.

Kisha ondoa kauli moja moja. Bila C, jahazi laweza kuwa lilikwenda tupu. Bila D, hatujui kama marufuku ya chumvi inalihusu. Kauli inayoweza kuondolewa bila hoja kutetereka haikuwa na kazi, na uwepo wake katika jibu lako ni ishara kwamba kuna nyingine uliyoisahau.

Umbo lingine: kauli mbili na majibu yasiyobadilika

Mtihani wa GMAT, unaotumiwa na shule nyingi za biashara, una ndugu wa swali hili. Unaulizwa swali, unapewa kauli mbili, na huulizwi jibu bali kama kauli hizo zinatosha kulipata. Majibu ni yale yale matano kila mara: ya kwanza peke yake inatosha na ya pili haitoshi, ya pili peke yake inatosha na ya kwanza haitoshi, zote mbili kwa pamoja zinatosha lakini hakuna inayotosha peke yake, kila moja peke yake inatosha, hata zote pamoja hazitoshi. Tangu toleo lililoanza Novemba 2023, maswali haya yamo katika sehemu yenye maswali 20 kwa dakika 45, yaani wastani wa dakika mbili na robo kwa swali.

Tuchukue swali hili: kilo moja ya mchele ni shilingi ngapi? Kauli ya kwanza: kilo 2 za mchele na kilo 3 za sukari zinagharimu shilingi 15,000. Kauli ya pili: kilo 4 za mchele na kilo 6 za sukari zinagharimu shilingi 30,000. Aliyezoea shuleni kwamba milinganyo miwili hupata vitu viwili visivyojulikana atajibu kwamba kwa pamoja zinatosha. Lakini kauli ya pili ni ile ya kwanza iliyozidishwa kwa mbili. Mchele ukiwa shilingi 3,000 na sukari 3,000, kauli zote ni kweli. Mchele ukiwa 3,600 na sukari 2,600, bado ni kweli. Hali mbili, majibu mawili, kwa hiyo hazitoshi. Mbinu ya kubomoa ni ile ile, ila hapa unatafuta hali mbili zinazotoa majibu tofauti. Na ukiipima kauli ya pili, funika ya kwanza kwa kidole, kwa sababu habari zake huvuja kimyakimya.

Zoezi la kumalizia

Hitimisho: Mwajuma hakulala Tanga jana.

A. Waliopanda basi la asubuhi tu ndio waliolala Tanga jana.
B. Kila aliyepanda basi la asubuhi alikuwa na tiketi ya karatasi.
C. Mwajuma hakuwa na tiketi ya karatasi.
D. Waliopanda basi la jioni hawakuwa na tiketi ya karatasi.
E. Mwajuma alipanda basi la jioni.

Ni zipi tatu zinazothibitisha?

Kulala Tanga kunatajwa katika A peke yake, na kwa sababu ya "tu" mshale wake ni kulala Tanga → basi la asubuhi. Ukiugeuza na kukanusha, asiyepanda basi la asubuhi hakulala Tanga. Sasa tunahitaji kujua kwamba Mwajuma hakupanda basi hilo. B ikigeuzwa na kukanushwa inasema kwamba asiye na tiketi ya karatasi hakulipanda, na C inasema hakuwa nayo. Jibu ni A, B na C.

Watakaochagua A, D na E watasema kwamba aliyepanda basi la jioni hakupanda la asubuhi. Nani amewaambia? Mwajuma angeweza kutoka Moshi na basi la asubuhi, akashuka Muheza kununua machungwa, akaliacha basi liende zake, kisha akapanda la jioni hadi Tanga na kulala kwa shangazi yake. Kauli A, D na E zote zingebaki kweli, na hitimisho lingekuwa la uongo. Anayetaka kutumia D na E lazima aongeze B, na hapo kauli zinakuwa nne ilhali swali limetaka tatu.